Baiskeli ya kupanda milima ya Bukavu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ukiligeuzia mgongo tu unaanza kupanda. Mitaani Kadutu unapanda, Bagira unapanda. Ukishika njia ya Miti hadi Tshivanga, kwenye mlango wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, unavuka mita 2,000. Ukienda upande wa pili, Nyangezi na Ngomo, unashuka hadi Kamanyola, chini ya mita 1,000, kisha jioni unakumbuka kwamba nyumbani ni juu. Baiskeli za hapa nazipanga kwa maswali matatu: itakupandisha ukiwa umekaa kwenye kiti? Itakushusha salama? Na ikiharibika, fundi wa hapa hapa ataipatia kipuri? Rangi, chapa na wepesi wa fremu vinakuja baadaye sana.

Tuanze na gia, maana hapo ndipo watu wanapouziwa maneno. Muuzaji atakuambia, “Papa, hii iko na vitesi 21!” Usihesabu vitesi. Inama uhesabu meno: duara dogo kabisa la mbele, kwenye pedali, na duara kubwa kabisa la nyuma. Gawanya la mbele kwa la nyuma. Meno 24 mbele na 34 nyuma yanatoa 0.7, yaani ukizungusha pedali mara moja, baiskeli ya inchi 26 inasogea kama mita 1.4. Ya mashindano ya zamani, yenye 39 mbele na 25 nyuma, inasogea karibu mita 3.3. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ya kwanza inapanda taratibu, kilomita 5 kwa saa; ya pili inakulazimisha kwenda karibu 12. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, wewe na baiskeli mkiwa na kilo 80, ya kwanza inakudai wati 110 hivi, ya pili zaidi ya 250. Wati 250 kwa nusu saa ni kazi ya mtu mwenye mazoezi ya miaka. Mtu anayetoka kazini Ibanda na kurudi nyumbani Kadutu anahitaji zile 110. Kwangu mimi, jibu likizidi 1, hiyo si baiskeli ya kila siku Bukavu.

Nafasi ya kwanza naipa baiskeli ya milima ya mtumba, ya inchi 26, yenye uma mgumu wa mbele, yaani usio na shokomzoba, na maduara matatu ya meno mbele. Haipendezi machoni, najua. Fremu nyingi ni za chuma, zina kilo zake. Lakini duara lake dogo la mbele mara nyingi lina meno 22 au 24, tairi na tyubu za inchi 26 zinapatikana kwa urahisi, na fundi yeyote amezishika. Ing’oe tairi zake za meno makubwa, weka tairi laini za upana wa inchi 1.5 hadi 1.75. Hapo utashangaa: kwenye lami inateleza vizuri, kwenye mashimo na udongo mwekundu haikuangushi. Kama bajeti yako ni ndogo, nunua hii bila kusita, na pesa inayobaki iweke kwenye breki.

Ya pili ni baiskeli ya safari, ile yenye madigadi, keria na magurudumu ya 700C, pia yenye maduara matatu mbele. Zilitengenezwa kwa watu wanaobeba mizigo kwenye nchi za vilima. Kule Uingereza, kwenye vilima vya North York Moors vyenye vichaka na upepo, kuna barabara inaitwa Rosedale Chimney Bank ambayo mwinuko wake unafika asilimia 33. Mlima wa hapo ni mkali lakini unaisha mapema. Wetu una huruma kidogo, ila haumaliziki. Gia ya kuufaa ni ileile. Ningeiweka ya kwanza isipokuwa kwa jambo moja: tairi.

Na hapa naomba usome polepole. Sokoni utasikia “tairi namba 28”. Zipo mbili, na haziingiliani. Baiskeli nyeusi za mizigo, zile za kichina na za kihindi za 28 × 1½, zina rimu ya milimita 635. Rimu ya 700C, ambayo nayo huitwa 28, ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la moja halikai kwenye nyingine: ama litapwaya, ama halitaingia kabisa. Soma ubavuni mwa tairi, kuna namba mbili zenye kistari, kama 40-635 au 37-622. Ile ya tarakimu tatu ndiyo kweli. 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5. Baiskeli za inchi 29 nazo ni 622, kwa hiyo tairi jembamba la 29 linaweza kukuokoa ukiwa na 700C, mradi fremu ina nafasi. Ukinunua ya safari, chukua tairi moja la akiba siku ileile.

Ya tatu ni gravel, baiskeli yenye usukani wa kupinda kama wa mashindano na tairi pana za milimita 40 hivi. Kwa barabara kama yetu, lami kidogo na vumbi kidogo, ni chombo kizuri sana. Bei yake ndiyo inayoishusha, pamoja na vipuri. Nyingi zina duara moja mbele la meno 40 na nyuma hadi 42: unapata 0.95, inatosha ukiwa na miguu yenye nguvu.

Ya nne ni ya mashindano. Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya barabarani Septemba 2025, na Mslovenia Tadej Pogačar kushinda kilomita 267.5 za vilima, vijana wengi macho yao yako huko, na nafurahi kuona hivyo. Kama unavuka Ruzizi na kuendesha lami ya Rwanda, kuelekea Nyungwe au kufuata ziwa hadi Karongi, ipandishe hadi nafasi ya pili. Tafuta yenye 34 mbele na angalau 32 nyuma, na fremu inayokubali tairi la milimita 28. Kwa mvua ya Bukavu na matope yake, tairi la 23 ni kutafuta kuanguka.

Ya mwisho, na hii naikataa kabisa, ni ile mpya inayong’aa yenye shokomzoba mbele na katikati, kwa bei rahisi. Ukikanyaga pedali mlimani, nguvu inaishia kwenye springi. Pini za katikati zinalegea mapema, na kipuri chake hakuna.

Baiskeli nyeusi ya gia moja sijaipanga, kwa sababu kazi yake ni nyingine. Kwenye tambarare ya Ruzizi, Kamanyola kwenda Uvira, inabeba magunia. Hapa mjini utaisukuma.

Kabla ya kutoa pesa, fanya haya mbele ya muuzaji. Pima cheni: viungo 24 vipya ni milimita 304.8, pini hadi pini. Ikifika 308, cheni imekwisha na imekula meno ya nyuma, kwa hiyo punguza bei. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu. Ikiwa imebonyea kama kijiko, padi za breki zimeila, na kwenye mteremko wa Ngomo inaweza kupasuka. Shika gurudumu ulitikise kushoto na kulia: likicheza, gololi zinahitaji kazi. Chunguza fremu chini ya usukani na karibu na pedali, rangi iliyopasuka mstari inaweza kuficha ufa. Breki za diski za waya ni bora kuliko za mafuta kwa hapa, kwa sababu waya unapatikana na mafuta yake maalumu ni shida. Tazama pia mdomo wa tyubu: mnene kama wa gari unajazwa popote wanapojaza pikipiki, mwembamba unadai pampu yake.

Kisha omba uijaribu kwenye mlima wa Bagira, si mbele ya duka. Panda ukiwa umekaa, kwa gia ndogo kabisa, na ukanyage kwa nguvu. Cheni ikiruka, rudi nayo na uanze kujadili bei upya. Ukishuka, funga breki ya mbele taratibu hadi isimame. Ikipiga kelele ni padi tu, ikitetemeka mpaka usukani, achana nayo.