YouTube Studio: kipi kinakuza chaneli, kipi kinakupotezea muda

Kila mwenye chaneli ya YouTube anayo Studio, yaani ukumbi wa kuendeshea chaneli na kusoma takwimu zake, tena bure. Wengi wanaifungua kwa kazi moja tu, kuchungulia video imetazamwa mara ngapi, wakati hiyo ndiyo namba yenye msaada mdogo kuliko karibu zote zilizomo. Tunaipa alama 4 kati ya 5. Alama moja iliyokatwa ni ya programu ya simu, tutaifikia.

Kilichobeba alama hizo nne ni grafu inayoonyesha watazamaji wanabaki hadi wapi. Fungua video, ingia kwenye takwimu zake, utaona mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, na pembeni Studio inakutajia ni asilimia ngapi ya watu walikuwa bado wapo kwenye sekunde ya 30. Chukua mfano wa video ya dakika 8 ya kupika pilau. Mpishi anasalimia, anaomba watu wajiunge, wabonyeze kengele, anataja kurasa zake zote, na sekunde 25 zimekwisha kabla sufuria haijaonekana. Hapo mstari unaporomoka, na waliotoka hawarudi. Mbele kidogo, pale anapotaja vijiko vya bizari na idadi ya karafuu, mstari unapanda. Maana yake watu wanarudisha nyuma ili waandike vipimo. Grafu moja imekupa kazi tatu: video ijayo anza na pilau likipakuliwa, vipimo viandikwe kwenye skrini, na kipande hicho cha viungo kikate kiwe Shorts, yaani video fupi.

Mstari kushuka polepole ni kawaida kwa kila video, usiuhangaikie. Tafuta mporomoko wa ghafla, kisha utazame sekunde ileile uone kulikuwa na nini: sauti ilikatika, stori ilizunguka, au jibu la swali lililoko kwenye kichwa lilishatolewa. Takwimu hizi huchukua siku moja hadi mbili kujaa, kwa hiyo kuhukumu video usiku uleule ulioirusha ni kujisumbua bure.

Namba ya pili ni asilimia ya waliobofya baada ya kuona kava, ile picha ndogo inayowakilisha video. Studio huhesabu kava kuwa imeonekana pale angalau nusu yake inapokaa kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja, ndani ya YouTube yenyewe. Waliokuja kwa linki ya WhatsApp hawamo kwenye hesabu hii. YouTube wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya 2% na 10%, kwa hiyo 4% si msiba. Na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: video ikianza kupelekwa kwa watu wasiokujua, asilimia inashuka huku watazamaji wakiongezeka. Mwenye chaneli anaona 9% imekuwa 5%, anabadilisha kava haraka, kumbe video ilikuwa ndiyo kwanza inapaa.

Isome namba hii pamoja na ile grafu. Wakibofya wengi lakini wakatoka kabla ya sekunde ya 30, kava imeahidi kisichokuwemo. Wakibofya wachache lakini waliobofya wakakaa hadi mwisho, video ni nzima, tatizo ni kava na kichwa tu. Hivyo badilisha bila woga.

Kuna kipimo cha kujaribu hadi kava tatu kwa video moja. Kinaweza kwenda wiki mbili, na mshindi hupatikana kwa sehemu ya muda wa kutazama iliyoletwa na kila kava, si kwa wingi wa mibofyo. Uamuzi huo ni wa busara, maana kava ya uongo haiwezi kushinda kirahisi. Udhaifu wake ni kwamba chaneli ndogo mara nyingi haipati watazamaji wa kutosha kutoa mshindi wa wazi. Ukiitumia, kava zitofautiane kweli: moja yenye uso wa mtu, nyingine yenye chakula pekee. Kubadilisha rangi ya maandishi hakukupi jibu lolote.

Upande wa kupakia video, anza na hesabu ya bando. Kiwango ambacho YouTube wanapendekeza kwa video ya 1080p ya fremu 30 kwa sekunde ni megabiti 8 kwa sekunde. Dakika 10 za hivyo ni takriban MB 600. Kwa 720p ni megabiti 5, yaani takriban MB 375 kwa dakika hizohizo. Mtu anayeongea mbele ya kamera hapotezi mengi kwa 720p. Anayefundisha kushona au kutengeneza simu, ambapo uzi na skrubu lazima vionekane, asibane.

Studio huandaa kwanza nakala ya ubora wa chini, ile safi inakuja baadaye. Ukiweka hadharani papo hapo na kurusha linki kwenye magroup, watu wako wa kwanza watatazama ukungu. Iweke binafsi au ipangie saa, subiri alama ya HD itokee. Faili lenyewe halibadilishwi baada ya kupakiwa. Ukikosea bei katikati ya maelezo, kihariri cha Studio kinakuruhusu kukata kipande au kuweka ukungu sehemu ya picha, lakini si kuingiza kipande kipya.

Hatua ya ukaguzi wa hakimiliki kabla ya kuchapisha nayo isubiri imalize. Wimbo wa Bongo Fleva uliosikika kwenye redio ya jirani unaweza kuleta dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe kazi za watu wengine. Dai si adhabu ya chaneli: mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo, au video ikazuiwa. Onyo la hakimiliki ndilo la kuogopa. Linakaa siku 90, na matatu yanaweza kuiondoa chaneli. Kwa dai, Studio inakupa njia za kukata kipande, kunyamazisha wimbo, au kuubadilisha kwa muziki kutoka maktaba yao ya sauti. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Usipinge kwa hoja ya "nimemtaja msanii kwenye maelezo". Kumtaja si kupewa ruhusa.

Ukurasa wa mapato unaonyesha umbali uliobaki kabla ya kuanza kulipwa mgawo wa matangazo: watu 1,000 waliojiunga, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa zinazotoka kwenye mkondo wa Shorts haziingii kwenye zile 4,000. Ukiifanya video ya zamani kuwa binafsi, saa zake zinaondoka nayo, na hapo ndipo watu hudai wameibiwa. Ukishaingia, mgawo wako ni 55% ya matangazo ya video ndefu na 45% upande wa Shorts. Angalia RPM, ndiyo fedha yako kwa kila mara 1,000 za kutazamwa. CPM ni anacholipa mtangazaji, kabla ya mgawo.

Fomu ya kodi ya Marekani ijaze mapema. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo 30% hukatwa, lakini kwenye kile tu kilichotokana na watazamaji wa huko. Usipojaza, wanaweza kukata 24% ya mapato yako yote ya dunia nzima. Mapato yakifika dola 10, PIN ya kuthibitisha anwani yako hutumwa kwa posta. Andika sanduku la posta ambalo unalifungua kweli. Malipo hutoka ukifikisha dola 100.

Programu ya simu inafaa kujibu maoni na kutazama namba, basi. Kihariri na majaribio ya kava vinataka kompyuta, na kwa chaneli nyingi zinazoendeshwa kwa simu mwanzo hadi mwisho, huo ni upungufu mkubwa. Sehemu inayopendekeza mawazo ya video nayo hatuisifu. Mengi ni ya jumla mno. Fungua badala yake vyanzo vya watazamaji, uingie kwenye utafutaji wa YouTube: utaona maneno yenyewe watu waliyoandika, na makosa yao ya tahajia humo humo. Kabla ya kulipia vidIQ au TubeBuddy, zana za nje za kutafuta maneno ambazo namba zao za utafutaji ni makadirio, maliza orodha hiyo kwanza.

Na kama una kijana anayekuhaririia video, usimpe nywila. Kwenye mipangilio ya ruhusa mpe nafasi ya mhariri mwenye mipaka: atapakia na kurekebisha, ila mapato hatayaona, na siku mkiachana unamwondoa kwa kubofya.