Uzoefu wangu wa kusomea ualimu chuo kikubwa cha umma: ukumbi, semina na maksi

Dirisha la udahili la TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, likifunguliwa tu, vijana waliomaliza kidato cha sita wananiandikia: kaka, niombe chuo kikubwa au nitafute kidogo? Nimesoma shahada ya sanaa na ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili, na chuo changu ni cha umma, miongoni mwa vile vyenye wanafunzi wengi nchini. Jina lake naliacha, maana wenzangu waliosoma vyuo vingine vya ukubwa huo wananisimulia mambo yale yale. Elimu niliipata, tena nzuri, lakini niliipata kwenye semina. Kwenye ukumbi wa mihadhara nilipata mada, orodha ya vitabu na maumivu ya mgongo.

Mwaka wa kwanza kozi za elimu tulisoma wote kwa pamoja: saikolojia ya elimu, misingi ya elimu, halafu DS (taaluma za maendeleo) na stadi za mawasiliano ambazo karibu kila mwanafunzi lazima azipitie. Orodha ya majina ilizidi watu 800. Kipindi cha saa moja asubuhi kilitaka uwe umefika saa kumi na mbili, au uwe na rafiki wa kukuwekea kiti. Mtu mmoja anawahi na madaftari ya chumba kizima, anayapanga mstari mzima, na ole wako uguse. Ukifika saa moja kamili unakaa kwenye ngazi. Ukichelewa zaidi unasimama nje dirishani na kuandika kwa kuegemeza daftari ukutani. Kipaza sauti kikiwa kizima, hata wa nyuma anasikia. Betri ikiisha katikati ya mada, huko nyuma zinaanza soga, na mhadhiri anabaki akifundisha safu tano za mbele. Slaidi zenye maandishi madogo, kuanzia katikati ya ukumbi ni mistari mieusi tu.

Wahadhiri wengi walikuwa wanajua kazi yao, na hilo nalisema kwa moyo wote. Mmoja wa Historia alianza kipindi na miche 62 ya mkonge, ile iliyosalimika mwaka 1893 Richard Hindorf alipoileta pwani ya Tanga kutoka Florida. Kutokea kwenye miche hiyo akatupeleka kwenye kodi ya kichwa, kwenye manamba waliotolewa mikoa ya mbali kwenda kukata mkonge, kwenye reli na sababu za kupita ilikopita. Niliandika kurasa sita bila kuinua kichwa. Alipomaliza akauliza, "Swali?" Ukumbi kimya. Si kwamba maswali hayakuwepo. Nilikuwa nalo, jirani yangu alikuwa nalo, tukanong'onezana pale pale, likaishia hapo.

Ukimya ule hauletwi na idadi peke yake. Kozi zinafundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa zile za Kiswahili. Wengi wetu tumetoka shule za kata, Kiingereza tunakiandika kuliko tunavyokisema. Kuuliza swali kwa Kiingereza mbele ya watu 30 ni jambo la kujikaza. Mbele ya watu 800, na pale nyuma kuna kundi linasubiri ukosee lizomee, hakuna anayethubutu zaidi ya wale waliosoma shule za kulipia. Kwa hiyo darasa kubwa linawanyamazisha hasa wale wanaohitaji zaidi kuuliza. Kwenye kozi za isimu na fasihi ya Kiswahili, ambako tulifundishwa kwa lugha yetu na idadi ilikuwa ndogo kidogo, watu wale wale walibishana na mhadhiri mpaka muda ukaisha na darasa linalofuata likagonga mlango.

Sasa semina. Kila kozi iligawanywa vikundi, kimoja kikiwa na watu kama 25 hadi 30, mara moja kwa wiki, chini ya TA, yaani mhadhiri msaidizi wa ngazi ya chini kabisa. TCU imeweka GPA (wastani wa alama za shahada) ya 3.8 kati ya 5 kuwa kiwango cha chini cha kumwajiri TA, kwa hiyo anayesimama mbele yako ni mtu aliyekuwa miongoni mwa walioongoza darasa lake juzijuzi, na bado anakumbuka ulipo ugumu. Wa kwetu wa Historia alikuwa dada mmoja mdogo wa umbo, mkali kwa wachelewaji, na ndiye mwalimu bora niliyempata katika chuo kizima.

Wiki ya kusoma Vita vya Majimaji, dada huyo hakutaka tukariri sababu saba za vita. Alituletea nakala za masimulizi ya wazee, yale yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa Historia wa Dar es Salaam waliorudi mikoani kwao kuwahoji watu waliokumbuka vita. Kila mmoja akapewa ukurasa mmoja asome na aeleze mzee yule anamlaumu nani. Wa kwangu alizungumzia mashamba ya pamba ya Umatumbi na mijeledi ya akida. Mwenzetu kutoka Songea, ambaye ukumbini sijawahi kumsikia hata akikohoa, akaeleza makumbusho ya Majimaji na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa Februari 1906. Mwingine akamuuliza kwa nini jina la Kinjikitile, mganga aliyegawa maji ya vita, linatajwa sana na la hao halitajwi. Alianza kwa Kiingereza akakwama, dada akamwambia, "Sema kwa Kiswahili, tutaandika baadaye." Saa moja ile ilinifundisha namna ya kuutilia shaka ushahidi kuliko muhula mzima wa kukaa kwenye ngazi.

Kinachoniumiza ni kwamba semina hizi ndizo za kwanza kukatwa. TA akienda kusoma shahada ya uzamili, kikundi chake kinaunganishwa na kingine, mnakuwa 60. Muhula mmoja kozi nzima ya elimu haikuwa na semina kabisa, tuliambiwa hakuna wakufunzi wa kutosha. Badala yake ikaja kazi ya kikundi: watu kumi, swali moja, maksi moja. Mnajua wenyewe inavyokwenda. Wawili wanakaa kimbweta, yale meza na benchi za kusomea nje, mpaka usiku, mmoja analipia kuchapa steshenari, waliobaki wanatuma majina na namba za usajili kwa WhatsApp. Mwalimu mtarajiwa anapata maksi 12 kati ya 15 kwa insha ambayo hajaisoma, kisha kesho anakwenda kufundisha watoto namna ya kuandika insha.

Usahihishaji nao umebeba mzigo huo huo. Karatasi 800 za insha hazisahihishwi na mtu mmoja, kwa hiyo testi nyingi zikawa za kuchagua A, B, C au D. Zikirudi, zinarudi na tarakimu tu. Miaka yangu yote ya shahada, insha zilizorudi zikiwa na maoni pembeni, yaani mtu ameandika "ushahidi wa hili uko wapi?", ni chache mno, na karibu zote zilitoka kwenye semina au kwenye kozi za kuchagua. Ndiyo maana desa, yaani notisi za kukariri zinazopitishwa mkono kwa mkono, linatawala. Kama mtihani unapima kumbukumbu ya slaidi, mwanafunzi mwenye akili anakariri slaidi na mitihani ya miaka iliyopita, anapata B+ yake, anaendelea.

Kuhusu maksi kupotea, nalo liko. Kwetu kazi za muhula zilikuwa na maksi 40 na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, maksi 60, na usipofikisha 16 kwenye zile 40 huruhusiwi kufanya UE. Mwaka wa pili, testi ya kozi moja haikuonekana kwenye mfumo kwa sisi wengi tuliofanyia chumba kimoja. Wiki ya UE inakaribia, CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, anatoka ofisi hii anaambiwa aende ile, katibu muhtasi anasema dokta amesafiri, dokta anasema karatasi alizikabidhi. Mwishowe bahasha ilipatikana kabatini, siku mbili kabla ya mtihani. Wenzetu wawili walikuwa wameshaanza kujiandaa kurudia kozi mwaka unaofuata, na mmoja wao mkopo wake ulikuwa shakani. Mtu anayetegemea boom, pesa ya kujikimu ya mkopo, kula hawezi kusoma akiwa na hofu hiyo. Tangu hapo nilipiga picha kila karatasi iliyorudishwa na kila fomu ya mahudhurio niliyosaini. Na wewe fanya hivyo.

Haya hayakushuka tu. Mwaka 1961 chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14, Julie Manning akiwa mmoja wao, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Watu 14 mwalimu anawajua kwa majina na kwa mwandiko. Kuanzia mwaka 2004 shule za sekondari za kata zikajengwa kwa kasi, zikahitaji walimu wengi kwa haraka. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, mwaka huo huo vikafunguliwa vyuo vishiriki vya elimu vya DUCE na Mkwawa, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza, kikipangiwa kufikia wanafunzi 40,000. Mimi ni mtoto wa mabadiliko hayo. Bila shule ya kata nisingefika kidato cha nne, na bila mkopo nisingekanyaga chuo. Kwa hiyo anayesema dawa ni kupunguza wanafunzi, simuungi mkono hata kidogo. Wanafunzi waongezwe, na walimu wa semina waongezwe pamoja nao, maana TA mmoja gharama yake ni ndogo ukilinganisha na jengo.

Fildi, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ndiko nilikoonja kitu ambacho chuoni sikukipata. Nilipangiwa sekondari ya kata, kidato cha pili, mkondo wenye wanafunzi zaidi ya 80. Mhadhiri wa tathmini akaja bila taarifa, akakaa dawati la nyuma na fomu yake. Nilikuwa nafundisha ngeli za nomino. Baada ya kipindi tulikaa nje kwenye viti vya walimu, akanionyesha alichoandika: nilimwita kujibu mwanafunzi wa safu za mbele kila mara, na upande wa dirishani hakuna aliyesema neno kipindi kizima. Akanichorea darasa kwenye karatasi, akaweka nukta kila mahali aliposema mtu. Nukta zote zilikuwa mbele. Akaniambia niwapange katika vikundi vya watu watano watano, nami nizunguke badala ya kusimama ubaoni. Tulizungumza nusu saa hivi. Yalikuwa mazungumzo yangu ya kwanza ya ana kwa ana na mhadhiri kuhusu kazi yangu mwenyewe, na mchoro ule bado nautumia kila nikipewa darasa jipya.

Mwaka wa tatu mambo yakawa mazuri. Kozi za lazima zinapungua, unachagua. Mimi nilikwenda kwenye zile zinazoogopwa: historiografia, yaani namna historia inavyoandikwa, na uhakiki wa tenzi. Wengi wanazikimbia kwa kuhofia sapu (mtihani wa marudio), kwa hiyo tulikuwa wachache, chini ya 40. Mhadhiri alitujua. Utafiti wa mwisho nao una msimamizi, na msimamizi wangu alisoma rasimu yangu sura kwa sura kwa kalamu nyekundu. Mlangoni pake kulikuwa na karatasi ya saa za ushauri, Jumanne na Alhamisi mchana, na mara nyingi hapakuwa na foleni. Darasa la watu 800, mlangoni hakuna mtu! Ukienda na swali mahususi, ukurasa umeukunja na sentensi umeipigia mstari, wahadhiri wengi wanafurahi kweli kweli.

Kwa anayejiandaa kuingia, nakushauri hivi. Kabla ya kuchagua kozi, mtafute anayeisoma sasa umuulize vikundi vya semina vina watu wangapi na nani anaviongoza. Usiulize ukumbi una viti vingapi. Siku ratiba ya semina inapobandikwa, jiandikishe siku hiyo hiyo, maana vikundi vya asubuhi vya TA wazuri hujaa mapema, na ukichelewa unabaki na cha Ijumaa jioni ambacho nusu ya watu hawaji. Kama wewe ni mtu wa kuhitaji kusukumwa, na bado umepata nafasi kwenye chuo kidogo chenye kozi ile ile, nenda huko bila kuona haya. Kama unaweza kugonga mlango mwenyewe, chuo kikubwa kina maktaba, kina wahadhiri waliobobea na kina watu wa kila mkoa wa kubishana nao, na hayo chuo kidogo hakiwezi kukupa yote.

Na jambo la barua za rejea lianze mapema. Nilipoomba nafasi ya uzamili walitaka barua mbili kutoka kwa watu walionifundisha. Profesa wa mkonge, ambaye mihadhara yake naiheshimu mpaka leo, alinipokea vizuri akaniuliza jina langu, akaeleza kwa upole kwamba hawezi kumwandikia mtu asiyemfahamu. Zilizokubaliwa ziliandikwa na msimamizi wa utafiti na mhadhiri wa historiografia. Yule TA wetu alitaka sana kuniandikia, lakini fomu ilidai mwenye cheo cha kuanzia mhadhiri.