Dell OptiPlex 9020 ya gemu: iongezewe vifaa au iuzwe?

OptiPlex 9020 ilitoka mwaka 2013 ikiwa mashine ya ofisi. Nyingi zilizoko huku zimekuja na mitumba kutoka Ulaya, Marekani na Dubai, na kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue haikosekani. Wachezaji wengi wa gemu wameanzia hapo, na sasa mashine imechoka: gemu zinakwamakwama, mchezaji anajiuliza aiongezee nguvu au aachane nayo.

Jibu langu ni kwamba kasha kubwa, lile la Mini Tower, linastahili kuongezewa mara moja ya mwisho, mradi hela iende kwenye kadi ya grafiki na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) tu. Hivyo viwili utahama navyo siku ukinunua mashine nyingine. Prosesa ya soketi LGA1150 na RAM ya DDR3 ni za aina ya zamani, hazina pa kuhamia. Zichukue zikiwa za bei ya kutupa, la sivyo ziache.

Kabla ya kutoa hela, pima. Weka programu ya kupimia ya MSI Afterburner, ruhusu takwimu zake zionekane juu ya gemu, ucheze nusu saa kwenye sehemu yenye watu na milipuko mingi. Kadi ikikaa asilimia 95 hadi 99 muda wote, kadi ndiyo inayobana. Ikibaki kwenye 50 au 60 huku viini vyote vinne vya prosesa ya i5-4590 vikigota 100, hata ukiweka kadi ya bei kali fremu (picha kwa sekunde) haziongezeki. Ukitaka uhakika, shusha picha kutoka 1080p hadi 720p; fremu zisipopanda, tatizo ni prosesa.

Angalia na joto. Ndani ya kasha la umri huu grisi ya prosesa imeshakauka na mapezi ya kipoozeo yamejaa vumbi, na prosesa hizi zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi zenyewe. Fungua, piga brashi, futa grisi ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Wapo walionunua kadi mpya wakati dawa ilikuwa grisi. Ukiwa humo ndani badilisha na betri ya CR2032 kama saa ya mashine inajirudisha nyuma kila umeme ukikatika.

Sasa kadi, na hapa ndipo watu wanapoliwa. Pawa saplai ya Mini Tower ni ya wati 290, na haina waya wa pini 6 wala 8 wa kulishia kadi. Maana yake kadi lazima iishi kwa umeme wa tundu la PCIe (pale inapochomekwa kwenye madabodi) peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75. Muuzaji atakwambia RX 580 ya mtumba ni rahisi na ina nguvu zaidi. Ni kweli ina nguvu, lakini inakula wati 185 na inadai plagi. Kisha atakupa adapta ya kutoa umeme kwenye plagi ya SATA (ile ya diski) kwenda pini 6. Ikatae. Plagi ya SATA imeundwa kupitisha wati 54 kwenye laini ya volti 12, pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki inayeyuka, na siku mbaya inaondoka na madabodi. Kubadilisha pawa saplai nzima inawezekana, ila madabodi ya Dell inatumia plagi kuu ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo utahitaji na adapta ya 24 kwenda 8. Ukishafika huko, hesabu imeanza kukataa.

Kadi ninayoipendekeza ni RTX 3050, lakini ile yenye kumbukumbu ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024. Inakula wati 70, haihitaji waya, na ina vifaa vya ray tracing (kukokotoa miale ya mwanga) ambavyo gemu kama Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages haziwaki bila kuviona. Soma boksi vizuri, maana RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine kabisa na inataka plagi. Ya pili kwa ubora ni GTX 1650. Hiyo ina GB 4 tu, na gemu za miaka ya karibuni zinazijaza haraka, ila kwa GTA V ya PC ya mwaka 2015, eFootball au Valorant inatosha. Hakikisha unachukua toleo lisilo na tundu la pini 6, kwa sababu yapo yenye nalo.

GTX 1050 Ti na 750 Ti ndizo zilizojaa madukani. Sizishauri tena: Oktoba 2025 NVIDIA ilifunga draiva za gemu mpya kwa vizazi hivyo, zikabakiziwa marekebisho ya usalama tu. RX 6400 inaonekana nzuri kwenye karatasi, inakula wati 53, lakini imefungwa njia nne tu za PCIe na ilitengenezwa kwa kizazi cha 4. 9020 ni kizazi cha 3, basi njia inabaki nusu, na kumbukumbu ya GB 4 ikijaa utaona gemu inashtukashtuka. Intel Arc A380 iruke kabisa. Inategemea Resizable BAR (prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), na mashine hii haina.

Kwa wenye kasha dogo la SFF, kadi lazima iwe ya kimo kifupi, na boksi liwe na bamba fupi la kufungia. Pima nafasi kwa rula kabla ya kulipa. Hata kwenye Mini Tower chukua ya feni moja. Ndefu zinagongana na vishikio vya diski.

Jambo dogo linalorudisha watu dukani wakilalamika kuwa kadi ni mbovu: 9020 ina VGA na DisplayPort kwenye madabodi, na kadi hizi hazina VGA. Monita ya zamani itahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani, na kebo ichomekwe kwenye kadi yenyewe. Ukiiacha kwenye tundu la zamani, ama skrini itabaki nyeusi ama utacheza kwa grafiki ya Intel bila kujua.

SSD haina mjadala. Chukua ya SATA ya inchi 2.5, GB 480 kwenda juu. Usinunue NVMe (SSD ya aina ya kasi zaidi) ukitarajia iwashe Windows, maana BIOS (programu ya kuwashia) ya mashine hii kama ilivyotoka kiwandani haiitambui ya kuwashia.

RAM ifike GB 16 kwa vipande viwili vya 8, siyo kimoja, kisha fungua programu ya CPU-Z uone imeandika Dual. Vipande vya bei ya ajabu mara nyingi ni vya seva, au ni vile vinavyofanya kazi kwenye mashine za AMD peke yake. Vyote viwili haviwaki hapa. Prosesa ya kupandia ni i7-4770 au 4790, viini vinne kwa nyuzi (threads) nane, na inasaidia hasa kupunguza ile mikwamo ya ghafla. Kwa 4790 sasisha BIOS kwanza ukiwa bado na prosesa ya zamani, na ufanye hivyo mashine ikiwa kwenye UPS.

Kuna kikwazo ambacho hakuna kifaa utakachonunua kikakiondoa. Windows 10 ilimaliza muda wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8; 9020 ina TPM 1.2 na prosesa ya kizazi cha 4. Mafundi wanaisakinisha kwa kuruka ukaguzi kupitia programu ya Rufus, na inawaka, lakini TPM 2.0 haitokei kwa ujanja huo. Battlefield 6 na Call of Duty: Black Ops 7 zinaikagua. Valorant inakubali kwenye Windows 10 na kugoma kwenye Windows 11 ya kuruka. Kama gemu unayoitaka iko kundi hilo, usiweke hata shilingi kwenye 9020.

Ulizia badala yake OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500: viini sita, TPM 2.0, tundu la NVMe. Kipimo ninachotumia ni kwamba RAM na prosesa za kuongezea 9020 zikifika nusu ya bei ya mashine hiyo, nunua hiyo na uhamishie kadi na SSD. Hakikisha tu inakuja na RAM ya kutosha, kwa kuwa DDR4 ilipanda bei sana mwishoni mwa 2025.

Kadi ya mtumba usiichukue kabla ya kuijaribu pale pale. Fungua programu ya GPU-Z: kadi zilizobadilishwa BIOS, kwa mfano GTX 550 Ti iliyovishwa jina la 1050 Ti, huandikwa FAKE mbele ya jina. Kisha endesha FurMark, programu ya kuitesa kadi, dakika kumi na tano ukitazama joto na feni. Mistari ya rangi kwenye skrini, feni inayosimama, au mashine inayojizima: mrudishie.