Nilienda kupanda farasi Mufindi, nikaambiwa kofia yangu ni ya bodaboda

Nimeandika haya mara mbili nikafuta. Mara ya kwanza nilitoa nyota moja. Mara ya pili nikaona namwonea mzee mmoja asiye na kosa, nikapandisha hadi nne. Jana wamenitumia picha, nikazifungua nikiwa kazini, na damu imechemka upya, kwa hiyo safari hii naandika kama inavyokuja.

Ni shamba moja la farasi upande wa Mufindi. Jina silitaji. Mambo ya bei na saa wapigieni wenyewe, simu wanapokea vizuri tu. Mimi nina neno moja, nalo ni kofia.

Mimi ni muuguzi wa majeruhi hapa Iringa, mwaka wa tisa huu. Wanaoletwa usiku wengi ni wa bodaboda, na mara nyingi elementi, yaani helmeti ya pikipiki, ilikuwepo, ila ilikuwa imetundikwa kwenye usukani. Ukiwauliza ndugu kwa nini abiria hakuvaa, majibu ni yaleyale: alikuwa anatoka saluni, elementi za boda zinanuka, angeonekana mshamba. Niliwahi kumvua binti wigi jipya kabisa, kibandiko cha dukani bado kimo kwa ndani, na damu imeshaganda juu yake. Kwa hiyo mtu akimcheka mwenzake kwa sababu kajikinga kichwa, mimi siwezi kulichukulia kama utani.

Kupanda farasi nilikutamani tangu nasoma shule ya msingi. Shemeji yangu anafanya kazi kwenye mazizi ya farasi Uingereza, na aliposikia nimeanza kuweka akiba ya siku hiyo akanitumia kofia ya kupandia, mpya, ndani ya boksi lake. Nyeusi isiyong'aa, ina matundu ya hewa utosini, ukingo mpana wa kuzuia jua, na mikanda inayoshuka mbele na nyuma ya masikio ikakutana chini ya kidevu. Uzuri haina. Lakini ndani ina kibandiko chenye maandishi PAS 015 na VG1, na shemeji aliniambia, dada, rangi achana nayo, tafuta hayo kwanza, ndiyo alama za kofia iliyopimwa kwa kugongwa. Wiki ya safari nilifumua rasta zangu nikasuka twende kilioni, makusudi, maana kofia ikikalia kibutu cha nywele inaelea, na inayoelea ukianguka itakutoka kabla hujafika chini.

Ilikuwa kipindi cha baridi, mwezi wa saba hivi. Nikashuka Mafinga na ukungu wake, nikachukua boda katikati ya misonobari ya Sao Hill mpaka kwenye chai, kofia yangu nimeipakata.

Mwalimu alikuwa kijana mtanashati. Suruali nyeupe ya kubana, buti hadi gotini, kichwani kofia ya mahameli nyeusi yenye kitufe juu. Wageni wengine walikuwa wameshafika, familia moja ya Dar na dada wawili wa Mbeya, wote wamevalishwa mahameli kama yeye. Hakunipa hata pole ya safari. Akaitazama kofia yangu, akaishika mkanda kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mtegoni, akaiweka kwenye meza ya chai.

"Dada, hii ya bodaboda iache hapa. Huku tunavaa za farasi."

Wakacheka. Nikamwambia kwa upole kabisa, anko, hiyo ni ya farasi, igeuze usome ndani. Hakuigeuza. Akasema, na maneno haya nayakumbuka yote: "Wenye farasi wao kule Ulaya wanavaa mahameli. Plastiki ni ya vibarua."

Ya vibarua! Na hapo pembeni alisimama saisi, mtunza farasi, mzee wa makamo ya baba yangu, ameshika hatamu za farasi wawili, kichwani ana kofia ya sufu iliyotoboka. Aliinamisha macho. Mimi ni mtoto wa kibarua wa chai. Mama yangu alichuma majani hukohuko Mufindi mpaka vidole vikawa vyeusi, ndiye aliyenisomesha. Sikujibu kwa sababu ningejibu vibaya.

Kisha nikapewa hiyo ya kistaarabu. Nikaigeuza. Bitana limechanika, na chini yake lile povu gumu lina ufa kutoka ukingoni hadi utosini. Nikabonyeza kwa kidole gumba, pakabaki shimo. Kamba ya kidevuni ni mpira uliolegea kama wa kiunoni mwa sketi ya shule. Kibandiko kimefutika, hata mwaka hausomeki. Sasa elewa: mahameli yenyewe hayana dhambi, zipo kofia za mahameli zilizotengenezwa vizuri na kupimwa. Kinachookoa kichwa ni lile povu. Likigongwa linabonyea, linaumeza mshindo badala ya ubongo, na likishabonyea halirudi. Kofia iliyoanguka na mtu mara moja imemaliza kazi yake hata kama nje inameremeta. Nikauliza hii imeshaanguka na wangapi. Nikajibiwa, "Dada, panda farasi, acha kukagua."

Na hao wenye farasi wao anaowasema, mbona mambo hayo wameshayaacha? Tangu shemeji anitumie kofia nimekuwa nikisoma. Kuna mashindano ya farasi kutembezwa kwa hatua za madaha, dressage, na huko wakubwa walivaa kofia ndefu nyeusi ya bwana harusi wa Kizungu. Helmeti ilionekana ya watoto na wanaojifunza. Mwaka 2010 Courtney King-Dye wa Marekani, aliyeshiriki Olimpiki ya Beijing 2008, alikuwa mazoezini bila helmeti, farasi akajikwaa, fuvu likapasuka, akalala bila fahamu wiki kadhaa. Watu wakaanza kufikiri. Olimpiki ya London 2012 Charlotte Dujardin wa Uingereza akaingia uwanjani na helmeti wakati wengi bado wana kofia ndefu, akatoka na dhahabu mbili. Na tangu 2021 shirikisho la kimataifa la michezo hiyo, FEI, limefanya helmeti kuwa lazima hata kwao, kofia ndefu basi. Kwa hiyo kijana huyu anatuvalisha majivuno ya mtumba, wenyewe wameshayavua, na yana ufa juu.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonishinda ni mtoto.

Ile familia ya Dar walikuwa na binti wa miaka kama kumi. Kofia aliyovalishwa ilimfunika mpaka puani, akawa anainua kidevu ili aone njia. Akigeuza kichwa kulia, kofia inabaki inatazama mbele. Nikamwambia mama yake, dada yangu, hii haimkai mtoto, itamdhuru. Akasema, "Ngoja apigwe picha kwanza, mbona imempendeza." Mwalimu akanigeukia, safari hii bila tabasamu: "Dada, usitutishie wageni."

Nikasema sipandi, na mtoto huyu hapandi mbele ya macho yangu. Sauti ilipanda, nakiri, na farasi mmoja akarudi nyuma akitikisa kichwa. Ndipo yule mzee akanijia.

"Kamwene, mwanangu. Njoo huku."

Nikamfuata nyuma ya mazizi, kwenye chumba cha pumba. Akasogeza debe, akavuta gunia, akalifungua. Ndani mna kofia tano kama yangu. Tano! Safi, moja moja imefungwa kwenye kipande cha kanga ili zisikwaruzane, na mbili ni saizi ya mtoto. Nikakagua vibandiko, vinasomeka. Mzee akaniambia zilinunuliwa mpya, zikavaliwa msimu mmoja, kisha ikaamriwa ziwekwe stoo kwa sababu zinaharibu picha. Yeye ndiye anayezifuta vumbi kila Jumamosi. Hakuna aliyemwagiza.

Nilishindwa niseme nini. Wanazo. Hawakukosa fedha wala hawakukosa kujua, walizificha kwenye pumba.

Mzee akarudi na moja kwa yule binti, akapiga goti mbele yake. Akaweka vidole viwili juu ya nyusi, ukingo ukakaa juu yake. Akakaza kirungu cha nyuma. Akamwambia tikisa kichwa useme hapana, nyusi za mtoto zikaenda na kofia. Akafunga mkanda, akaacha nafasi ya kupumua na kumeza mate. Mikono yake ina sugu kama gome la mti, lakini alivyoishika ile shavu ya mtoto ungedhani anashika yai. Mama mtu akanyamaza, kisha akasema, "Asante, baba." Mwalimu alikuwa anatazama simu.

Tukapanda. Na hapa ndipo zile nyota nne zilipotoka, maana sitawadanganya, sijawahi kufurahi vile. Farasi wangu wa kahawia, ana alama nyeupe kwenye paji la uso, shingo yake ina joto kwenye baridi ile nikawa naachia hatamu mkono mmoja niuweke pale. Chai pande zote, kijani mpaka ukungu unapoanzia. Unasikia ngozi ya tandiko inalia, na kwato kwenye udongo mwekundu uliolowa. Wachumaji wakasimama na vikapu vyao wakatupungia, nikamwona mama yangu katika kila mmoja. Hata yule mwalimu nisimnyime haki yake: mtoto alipoogopa kwenye mteremko alishuka, akatembea naye kwa miguu akimwelekeza taratibu, na maelekezo yake ya kushika hatamu yalikuwa mazuri. Nilirudi nimeshasamehe. Nikamwambia ahsante kwa moyo mweupe.

Kisha picha ya pamoja. Akasema, "Wenye zile nyingine wasimame nyuma kidogo." Zile nyingine ni mimi na binti wa miaka kumi.

Na jana ndiyo zimefika. Kumi na mbili. Mahameli yote yamo, tena kwa karibu. Mtoto amekatwa kwenye zote isipokuwa moja, ambayo unaona mkono wake umeshika shingo ya farasi. Mimi nipo bega moja. Mzee hayupo hata kwenye moja, na ndiye aliyetushika farasi tangu mwanzo hadi mwisho.

Nyota mbili basi. Za farasi na za mzee, na kama ningeweza kumpa mzee peke yake tano zote ningempa. Wengine wataniuliza kama waende. Leo nasema msiende. Lakini mtaenda, najua, maana pale ni pazuri, na hata mimi nikilala naota ile shingo yenye joto. Basi mkienda, sukeni nywele za kulala, na mkifika msikae kwenye meza ya chai mkisubiri kuvalishwa. Salimieni saisi kwanza. Mwambieni mnataka kofia za kwenye gunia. Ni chumba cha pumba nyuma ya mazizi, mlango wa mbao, gunia liko kushoto nyuma ya debe. Saizi za watoto ni mbili tu, kwa hiyo mwenye mtoto awahi.