Jeli ya pakti: nyota tatu na nusu, hiyo nusu nimekata kwa neno moja

Nimenunua hii jeli ya unga ya stroberi duka moja hapa Mtwara mjini kule karibu na soko kuu, 2,500, watoto walikuwa wananisumbua tangu Idi. Imeandikwa gelatini ya ng'ombe, halali, hapo sina neno. Shida maelekezo yote Kiingereza, na mwisho kabisa wameandika "leave to set". Nikaingiza kwenye app ya kutafsiri ikaniambia "ondoka kuweka". Sasa niondoke niende wapi na niweke nini jamani?? Nikajua basi ni kuiweka tu, nikafunika bakuli nikaliacha juu ya kabati, na joto la Desemba huku mnalijua, asubuhi naamka ni juisi. Nyekundu, tamu, juisi.

Shemeji yangu fundi ujenzi alivyokuja kula mchana kacheka mpaka kapaliwa. Anasema hilo neno "set" kwao ni saruji kushika, na kushika sio kukomaa, zege linashika masaa machache tu baada ya kumwagwa ila nguvu yake wanaipima siku ya 28 na zile siku za mwanzo unalimwagilia maji, huko kukomaa ndo Kiingereza wanaita "harden". Kwa jeli sasa "set" ni kuganda. Iache igande! Maneno mawili tu hayo, wangeandika hivyo ningeelewa. Kumbe hata jua likizama ni "set" hiyohiyo, na kuweka pia ni hiyohiyo, app ikajiokotea ya kwanza.

Na kuganda kwenyewe kunataka baridi, ni kama mafuta ya nazi, huku kwetu yanamiminika tu chupani lakini mpelekee mtu wa Njombe uone, anayachokoa na kijiko. Pakti ya pili nikaiweka frijini toka saa nne, saa kumi jioni inatikisika vizuri, ukigeuza bakuli kwenye sahani inakaa. Rangi nzuri, sukari imezidi kidogo kwangu, watoto hawajalalamika.

Ila nanasi ambalo halijapikwa msitie, hata likiwa limeiva, linaikata ile gelatini haigandi hata ukiilaza frijini, papai vilevile, labda ulichemshe kwanza. Pakti ya tatu imeishia hapo na hiyo siwezi kuisingizia app.