Gari la Pili: Kabla ya Bei, Uliza Litalala Siku Ngapi

Tangu nilipoandika kuhusu gari la kwanza la familia, swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Dada, la pili tuchukue lipi?" Linakuja na picha tatu nne kutoka yadi, bei chini yake, na haraka ya mtu ambaye dalali ameshamwambia kuna mteja mwingine njiani. Kama nyumba hiyo inahitaji gari la pili, hilo haliulizwi.

Halafu msomaji mmoja wa Goba akaniandikia kwa uchungu. Gari lao la pili, lile la "safari na sikukuu", lilipasuka tairi walipokuwa wanaelekea Chalinze, watoto wamo ndani. Mungu saidia, hakuna aliyeumia. Kilichomshangaza ni kwamba tairi lilikuwa na meno mazuri kabisa, kama la dukani. Fundi akamwinamisha, akamwonyesha mipasuko midogo midogo ubavuni. Gari hilo lilikuwa linatoka nyumbani mara chache mno kwa mwaka, na tairi lilizeekea hapo hapo uani.

Kwa hiyo leo siongelei rangi, viti vya ngozi, wala redio ya kugusa. Hayo muuzaji atakuimbia bila kuombwa. Naongelea gari kulala, kwa sababu ndilo jambo linaloamua nyumba iwe na magari mangapi, na hakuna anayelipigia hesabu.

Gari likilala linakula

Watu wengi wanaamini gari lililosimama halina gharama. Najua imani hiyo ilikopata nguvu. Mwaka 2017 serikali ilifuta ile ada ya mwaka ya gari, ikaihamishia kwenye mafuta kwa nyongeza ya Sh 40 kwa lita. Wenye magari tulishangilia, na haki yetu. Lakini ile ada ndiyo ilikuwa bili iliyomfuata mtu kila mwaka na kumkumbusha kuwa ana gari asilolitumia. Ilipoondoka, magari yakaanza kulala kwa amani chini ya miembe.

Sasa angalia kinachotokea chini ya mwembe. Betri haipumziki, inaendelea kulisha king'ora, saa na kompyuta ya gari mpaka inaisha. Betri ya asidi ikiachwa tupu, sahani zake za ndani zinashika ukoko wa salfa, na baada ya hapo hata ukiichaji haishiki kama zamani. Ndiyo maana ukiona nyumba inaomba moto kwa gari la jirani kila sikukuu, jua betri mpya iko njiani, na baada ya hiyo nyingine.

Petroli nayo inachakaa ndani ya tangi. Sehemu zake nyepesi, zile zinazosaidia gari kuwaka asubuhi, ndizo zinazotoroka kwanza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani gari likiwa limetulia tu, ndiyo sababu mafundi wanaojua kazi huyabadilisha kwa muda, kwa kawaida kila miaka 2, hata kama kilomita hazijasogea. Oili ya injini ni hivyo hivyo: kitabu cha gari kinaandika kilomita na miezi, na kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. AC isipowashwa kwa muda mrefu, oili inayozunguka pamoja na gesi haizifikii sili, zinakauka, gesi inavuja. Kwa walio Kunduchi, Mbezi Beach na Kigamboni, ongeza upepo wa chumvi unaotafuna diski za breki na chini ya bodi. Na panya. Panya anapenda injini isiyowashwa. Anajenga humo na kula nyaya, na fundi umeme akianza kuzifuatilia waya kwa waya utalipa kwa siku, si kwa saa.

Bima haijui kama gari limelala. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayolipa hasara ya mtu mwingine tu, ni Sh 118,000 pamoja na VAT. Ukitaka bima kubwa, inayolipia na gari lako mwenyewe, chukua mfano wa gari la milioni 25: kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni Sh 875,000, ukiweka VAT inafika Sh 1,032,500 kwa mwaka. Sasa gawa hiyo kwa idadi ya siku ambazo gari kweli litatoka getini. Wengi wakifanya hesabu hii wanakuta kwamba bima peke yake ingewakodishia Noah na dereva wake kwa zile safari walizonunulia gari.

Pima nyumba kwanza

Chukua daftari, sio simu, liwe jikoni ambako kila mtu analiona. Kwa mwezi mmoja wa shule, mwezi wa likizo hauhesabiki, andikeni nani katoka, saa ngapi, kaelekea wapi. Mnachotafuta ni mgongano tu: watu wawili wanatakiwa kuwa pande mbili tofauti kwa saa ile ile, na hakuna usafiri mwingine wa maana. Baba anakwenda Posta na mama anakwenda Mwenge saa 12 asubuhi kutoka Mbezi Beach, huo si mgongano, hiyo ni njia moja. Mama ni nesi anayetoka zamu ya usiku Mloganzila na baba anapeleka watoto shule Tabata, huo ndio mgongano, tena wa kila wiki.

Mgongano wa mara moja au mbili kwa wiki unalipiwa Bolt au bajaji na bado unabaki na pesa. Ukiwa wa kila siku ya kazi, nyumba hiyo ina haja ya kweli ya gari la pili, na mtu asiwatie aibu. Walio katikati waulizane kwanza kuhusu basi la shule. Najua watoto wanaamshwa saa 11 alfajiri na inauma, lakini nimeona nyumba nyingi zikinunua gari zima kukwepa basi la shule, na baada ya muhula mmoja watoto wanaamka saa ile ile kwa sababu ya foleni. Daftari likishajaa, hii hapa mipangilio yenyewe, nimeipanga kuanzia ninaoupenda kuliko yote hadi ninaoupinga.

Nafasi ya kwanza: gari moja dogo linalotembea kila siku

Hapa sifichi mapenzi yangu: Toyota IST. Watu wamelichoka kuliona barabarani, na kuonekana huko ndiko kunakonivutia. Likikwama Kibaha au Korogwe, fundi wa kijiwe cha karibu ameshafungua jingine wiki hiyo hiyo. Injini yake ya cc 1500, 1NZ, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo unaondokana na ile bili ya kubadilisha mkanda. Ipo na ya cc 1300 kwa anayezunguka mjini tu, ila mimi ningechukua ya 1500 kwa ajili ya vilima na AC. Spea zake Kariakoo na Ilala unachagua mpya au iliyotumika, duka hadi duka.

Gari likiwa moja, halilali. Betri inachajiwa, breki zinasuguliwa, mafuta hayazeeki, na kasoro ndogo unaisikia mapema kwa sababu unaliendesha kila siku. Pesa ya gari la pili itengeeni bahasha yake ya usafiri: bajaji, Bolt, mwendokasi kwa walio njia ya Kimara hadi Kivukoni, na kukodi gari kubwa wakati wa msiba au harusi. Bahasha hiyo iheshimuni kama mngeheshimu rejesho la mkopo, vinginevyo kila mgongano utarudisha mjadala wa kununua gari.

Nafasi ya pili: gari moja la viti saba

Hili linafaa nyumba yenye watoto watatu na kuendelea, au bibi anayeishi nanyi. Wengi hapa hununua gari la pili kwa sababu la kwanza halitoshi, wakati dawa ilikuwa kubadilisha lile la kwanza. Chaguo langu ni Toyota Sienta ile ya toleo la kwanza. Ina injini ile ile ya 1NZ ya IST, kwa hiyo fundi wako habadiliki na spea za injini unazijua. Milango ya nyuma ni ya kuteleza, neema kubwa kwenye uani mwembamba na kwenye geti la shule. Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto. Usimweke shemeji mtu mzima hapo hadi Moshi.

Anayetaka nafasi zaidi atafute Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S. Mafuta inakunywa, sikatai, lakini mafundi wanaijua kwa macho yaliyofumbwa.

Nafasi ya tatu: magari mawili yanayofanana

Kama daftari limesema mawili, basi yawe mawili ya aina moja, au angalau injini moja: IST na Sienta, IST na IST. Oili ni ile ile, plagi zile zile, fundi yule yule, na moja likiingia gereji mnajua la pili linavyosikika likiwa zima. Watu wananiambia inachosha kuwa na magari mapacha. Sikubaliani nao. Kilichochosha ni kuwa na mafundi wawili wanaolaumiana na makabati mawili ya spea.

Sharti langu ni moja: badilishaneni. Anayekwenda mbali wiki hii achukue lile lililozunguka karibu wiki iliyopita. Safari fupi fupi za dukani na kurudi hazimalizi kuichaji betri wala hazipashi injini moto vya kutosha, na gari la namna hiyo ni kama limelala nusu.

Nafasi ya nne: gari na pikipiki, au bila gari

Pikipiki kama Boxer au TVS inamaliza mgongano wa mtu mmoja kwa bei ndogo, mvua isiponyesha. Anayeishi jirani na kituo cha mwendokasi na hana watoto wadogo, abaki bila gari kwanza.

Nafasi ya mwisho: dogo la kazini na la juu la sikukuu

Huu ndio mpangilio unaopendwa kuliko yote, na ndio ninaoupinga kwa moyo wote. IST la kila siku, halafu gari la juu, lile lililoinuka kwa ajili ya barabara mbovu, liko uani linasubiri Desemba. Hata likiwa Toyota, na Toyota wanatengeneza ya juu mazuri sana, hoja haibadiliki: mnalipia gari zima, kisha mnaliacha lioze. Kuliingiza tu, ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2000 ni asilimia 10, wakati chini ya hapo hadi cc 1001 ni asilimia 5, na likifika umri wa miaka 8 linabeba na ushuru wa uchakavu. Sababu ya "tunakwenda Dodoma sana" nayo imepungua nguvu tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024. Familia inapanda Dar, inashukia Dodoma, na hakuna aliyeshika usukani usiku.

Anayeishi kwenye udongo wa mfinyanzi, njia inakokatika kila masika, au mwenye shamba Handeni anakokwenda kila wiki, gari la juu linamfaa. Lakini basi liwe ndilo gari lake la kila siku.

Madalali na herufi zao

Nina kinyongo na biashara hii na sitakificha. Kwanza ni cha juu. Mwenye gari ametaja bei yake, dalali anaongeza juu yake kimya kimya, halafu anakuja kwako kudai na udalali. Ukiomba kuzungumza na mwenye gari, ghafla yuko mkoani, simu haipatikani. Kuna familia zimelipa mamilioni ya hewa namna hiyo, na hakuna risiti ya kwenda kulalamikia.

Pili ni mchezo wa herufi. "Ni namba E hii, mama." Herufi ya kibao inakuambia gari limesajiliwa lini Tanzania, haikuambii limetengenezwa lini. Gari la mwaka 2005 lililoshushwa bandarini majuzi lina herufi mpya kuliko la 2012 lililoingia zamani. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, na uilinganishe namba ya chasisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi.

Tatu, na hapa ndipo gari la kulala linapouzwa kwa sifa: "Limetembea kidogo, lilikuwa linakaa tu." Bei inapandishwa kwa sababu ya kasoro. Ukiambiwa hivyo, inama kwenye tairi utafute herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Michelin wenyewe wanasema tairi lisivuke miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama meno yamejaa. Angalia yote manne pamoja na la akiba, maana la akiba ndilo huwa limesahaulika kuliko yote. Kisha omba gari liwashwe likiwa baridi, mbele yako. Ukikuta limeshapashwa moto kabla hujafika, rudi siku nyingine bila taarifa.

Kwa mliokwisha kuwa na gari la kulala uani na mnaona aibu kuliuza, liwasheni na kulitembeza angalau nusu saa kila wiki, AC ikiwa imewashwa, mpaka mteja apatikane. Kabla ya kumkabidhi, angalieni kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki (kila kosa Sh 30,000) au madeni ya maegesho ya TARURA, myalipe, na mhakikishe umiliki unahamishwa TRA siku hiyo hiyo. Mnunuzi akisema atabadilisha kadi "baadaye", msimpe funguo.