Kitabu cha visawe kilichomtia mjane wazimu

Nilikinunua kwa shilingi 15,000 kwenye meza ya vitabu vya mitumba karibu na Posta Mpya, Dar es Salaam. Muuzaji alianzia 25,000. Nikamwonyesha jalada lililobanduka na kurasa zinazonuka ukungu, akanuna kidogo, tukapatana. Ni Roget's Thesaurus, kitabu cha visawe vya Kiingereza, cha jalada laini. Mwenye nacho wa kwanza alipigia mistari maneno ya mapenzi tu, kwa wino mwekundu. Kazi yangu mimi ilikuwa ya msiba.

Mimi ni mfasiri. Kutoa Kiingereza kuleta Kiswahili hakunisumbui. Jasho hunitoka nikirudi upande wa pili. Safari hii nilikuwa na simulizi za akina mama waliofiwa na waume zao, za mradi mmoja wa kijamii. Mama mmoja alisema: "Kifo cha mume wangu kilinivuruga." Hapa kwetu hakuna wa kuuliza maana yake. Haya, ipeleke Kiingereza.

Kitabu hiki hakikupangwa kwa alfabeti. Mtungaji wake, Roget, aliyapanga maneno kwa fikra: matabaka sita, na toleo la kwanza lilikuwa na vichwa 1,000 vya mafungu. Kwa hiyo unaanzia nyuma, kwenye faharasa, ndiyo ikuelekeze uende wapi. Nikatafuta disturb, yaani kuvuruga. Ikanirusha mwanzoni kabisa, kwenye fungu la kuvuruga mpangilio: derange, unsettle, perturb, jumble, muddle, unhinge. Mbele huko, kwenye tabaka la akili, kuna fungu jingine la wenda wazimu. Nikaona derange lina ndugu pande zote mbili. Nikafurahi kama niliyeokota noti. Nikaandika kwamba kifo cha mume wake "deranged me", nikatuma, nikalala.

Asubuhi mhariri akauliza: huyu mama alilazwa hospitali ipi ya wagonjwa wa akili?

Hapo ndipo ugomvi wangu na kitabu ulipo. Hakitoi maana. Maneno yamepangwa kama mafungu ya nyanya sokoni, yote bei moja, na katikati kuna pilipili mbuzi ambayo hakuna aliyekuonya. Ilibidi nifungue kamusi ya kawaida pembeni na kuyapima moja moja. Derange limetoka Kifaransa, ni kumtoa mtu kwenye safu, lakini siku hizi ukilisema juu ya binadamu umeshamtangaza kichaa. Unhinge ni kuchomoa mlango kwenye bawaba. Nalo ni hatari vilevile. Upset zamani lilikuwa kupindua, sasa hata mtoto aliyenyimwa askrimu yuko upset. Unsettle linaweza kuwa la tumbo. Fluster ni la mgeni kupiga hodi wakati hujafagia. Na lipo discombobulate, walilolibuni Wamarekani kwa utani katika karne ya 19. Muwekee mjane hilo uone.

Lakini trouble lilinikalisha kitako. Ukilifuata mpaka Kilatini unakuta maji yaliyotibuliwa, yenye tope. Na confuse ni kumimina vitu pamoja, yaani kuchanganya. Kumbe Wazungu nao walianzia tulipoanzia sisi wa kukoroga, kutibua, kuvuruga, kuchanganyikiwa! Mambo ya milango na safu sisi hatuna. Kwetu bawaba ikichomoka tunamwita fundi, hatusemi mtu karukwa na akili. (Skrubu zikilegea, hapo sawa, tunasema.)

Mwandishi mwenyewe alikuwa daktari, Peter Mark Roget, mzaliwa wa London mwaka 1779. Orodha yake ya kwanza aliiandaa 1805, kitabu kikatoka 1852 akiwa na miaka 73. Mwaka 1818 mjomba wake, Samuel Romilly, mwanasheria na mbunge mashuhuri, alijiua siku chache baada ya kufiwa na mkewe. Roget alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimuuguza. Tangu nisome hilo, nikifika kwenye yale mafungu mawili siwezi kuyapitia haraka haraka. Mtu aliyeona kwa macho yake msiba unavyomfanya mfiwa, kisha akakaa kuyapanga maneno ya mvurugo, mengine huku na mengine kule! Mimi naamini alijua tofauti zake zote. Hakutuandikia tu.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu. Kama Kiingereza chako kimekomaa na neno limekuganda ulimini, nunua, litatoka. Kama wewe ni wa kidato cha nne unatafuta maneno mazito ya kupambia insha, kiache mezani, kitakuaibisha kama kilivyoniaibisha. Na kama una bando, toleo la zamani la 1911 lipo bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, ila kuruka kutoka faharasa kwenda kurasa kwa kidole kwenye simu ni adhabu.

Yule mama nilimwandikia "I was distraught". Nililijua neno hilo miaka yote, ila nililikumbuka nilipolikuta humo. Ni mtu anayevutwa huku na huku na uchungu, akili zake akiwa nazo. Mhariri akapita bila kugusa.

Jalada nimeliunga kwa gundi ya fundi viatu. Limeshika.